Kabla Sijakata Kitambaa

Inua mikono, Yurleidy. Usivute tumbo ndani,
hapa hakuna wa kumdanganya na futi haina haya.
Tisini na nane. Naandika tisini na nane.
Feni inazunguka, mtaa unanuka wino wa wachapaji
na mkate wa jibini wa saa kumi.

Miaka ishirini na sita nashona mikaja katika jiji hili la Cali.
Si ile ya uzazi, ya kitambaa na bibi wa kukaza fundo.
Hii ina kulabu safu tatu, zipu ubavuni,
na tundu la kukojolea
ambalo utalishukuru usiku wa kwanza.

Nusu utanilipa leo. Lakini ngoja kwanza,
nami si daktari, ni Ofir wa cherehani tu:
huyo mpasuaji wako umemtafuta kwenye orodha ya chama chao,
au umemwona kwenye bango, pembeni ya picha ya kiuno?
Na wa nusukaputi, ana jina?
Atakaa nawe mpaka ufumbue macho,
au ana mwingine chumba cha pili?
Pumzi yako ikigoma, pale pana nini?
Uliza. Wakicheka, chukua mkoba wako uondoke.

Unasema husivuti sigara.
Vidole vyako vinasema vingine.
Mwambie ukweli, na aspirini unayomeza kwa kichwa umtajie,
na ile chai ya majani ya shangazi yako pia.
Damu husikia kila kitu.

Mrija ni mwembamba kama kalamu,
ila mkono unaousukuma huenda ukirudi
kama wa mtu anayepiga deki.
Nimewapokea hapa wakitembea kama wazee,
mapaja rangi ya biringani.
Hunyonya mafuta, mwanangu, basi.
Hawanyonyi uzito wa nyumba, wala yale
aliyokuambia Wilmar akifunga begi lake.
Ngozi iliyolegea itabaki imelegea,
kama foronya uliyoitoa mto.

Nguo ya fedha, ya kuchezea Desemba? Leo ni tarehe kumi na tisa Oktoba.
Uvimbe hausomi kalenda.
Wiki ya tatu utasimama kwenye kioo
useme wameniibia, nimekuwa mnene kuliko jana.
Nipigie. Nitakuambia subiri,
miezi mitatu, sita, na mkaja usiuvue.
Lakini mguu mmoja ukivimba peke yake,
au pumzi ikawa fupi,
usinipigie mimi, usingoje kupambazuke,
mwamshe jirani akukimbize hospitali.

Usinitazame hivyo. Mimi pia nilifanya.
Nilikipenda kiuno changu miaka minne kamili,
nikakitembeza hadi kanisani.
Kisha mkate wa jibini ukanirudishia deni,
si pale palipotolewa, bali hapa, mgongoni.
Shika. Ona.
Cheka, nami nilicheka, baadaye.

Unaitazama ile ya rangi ya kakao, kabatini?
Kiuno sabini na moja. Nusu ililipwa, mwezi Machi,
huu mwaka wa tisa. Kibandiko kinasema Nubia.
Labda alighairi. Labda alihamia Quito kwa dada yake.
Simu iliita wiki mbili, halafu ikaacha kuita.
Sijui, na sikwenda kuuliza;
njia naijua, ni mitaa minne tu kutoka hapa.
Kuiuza siwezi. Kuifumua, nimeshika mkasi mara mbili.

Geuka. Paja la kushoto. Sitini na moja.
Pumua, nimesema.

Nakata Jumatatu.
Ukighairi, piga simu kabla ya saa mbili asubuhi,
nusu yako nitakurudishia bila neno.
Na usipoghairi, piga vilevile.